Kuhesabiwa Kariakoo: Asili, Uraia na Wahamiaji kutoka Asia katika Sensa za Dar es Salaam, 1921–2022

1.0 Utangulizi

Kila utawala ulioushika mji wa Dar es Salaam umetaka kujua ni watu wangapi kutoka Asia wanaoishi na kufanya biashara humo, na kila mmoja umelijibu swali hilo kwa kipimo chake. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipima kwa rangi. Serikali ya Tanganyika huru, na baadaye ya Tanzania, ilichagua kupima kwa uraia. Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, ambao ndio wanaopata hasara au faida kutokana na ushindani wa wageni, wamezoea kupima kwa macho: huhesabu maduka yanayofunguliwa katika mtaa wao na sura za wanaokaa nyuma ya meza. Vipimo hivi vitatu havijawahi kutoa jibu moja.

Makala hii inachunguza namna ambavyo sensa zilizofanyika katika nchi hii mwaka 1921, 1931, 1948, 1957, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zilivyowaonesha au kuwaficha wahamiaji wenye asili ya Asia katika Dar es Salaam, hususani katikati ya mji na eneo la Kariakoo. Neno “Asia” linatumika hapa kwa mapana yake. Linajumuisha Wahindi, Magoa na Waarabu waliotawala majedwali ya kikoloni, na pia Wachina pamoja na watu wengine wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki ambao hawakuwa na safu yao katika majedwali hayo.

Hoja kuu ni kwamba kuondolewa kwa swali la asili katika sensa baada ya mwaka 1967 kulikuwa uamuzi wa kisiasa wenye msingi imara wa kimaadili, lakini uamuzi huo haukukamilishwa. Taifa liliacha kuhesabu rangi bila kujenga desturi ya kuuchambua na kuuchapisha kwa kina uraia na mahali pa kuzaliwa. Pengo lililobaki limejazwa na makisio, na makisio hayo yamekuwa na matokeo halisi kwa watu wa Kariakoo, raia kwa wasio raia. Uchambuzi unategemea matokeo ya sensa yaliyochapishwa, sheria za nyakati husika, pamoja na tafiti za wanahistoria na wanajamii walioushughulikia mji huu, hasa J. A. K. Leslie, John Iliffe na James Brennan.

2.0 Mji wa Kanda Tatu na Sensa Mbili

Mgawanyo wa Dar es Salaam ulitangulia sensa. Tangu enzi ya Wajerumani, kanuni za ujenzi ziliutenga mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa. Waingereza waliurithi mpango huo na kuuimarisha kwa kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili ya majengo ya biashara na makazi ya katikati ya mji, na ya tatu ya nyumba za mtindo wa wenyeji. Sheria ilitaja aina ya jengo wala haikutaja rangi ya mkaazi, lakini wakazi waliita kanda hizo kwa majina yaliyoeleza ukweli wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Uswahilini ili kuwatenga wakazi wa pande hizo mbili.

Kariakoo ilikuwa kiini cha kanda ya tatu. Jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina la kikosi hicho likawa Kariakoo. Jengo lililojengwa na Wajerumani kabla ya vita likafanywa soko, na mitaa iliyonyooka ikajaa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Hata hivyo, eneo hilo halikuwahi kuwa la Waafrika peke yao. Wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu walikuwa katika pembe za mitaa tangu mapema, wakiuza nguo, unga, sukari na mafuta ya taa kwa vipimo vidogo vidogo na kwa mkopo. Mji wa kwenye ramani na mji wa mitaani havikulingana, na sensa ililazimika kuchagua uhesabu upi.

Ilichagua ule wa kwenye ramani. Katika kipindi chote cha ukoloni, zoezi lililoitwa sensa lilikuwa mazoezi mawili tofauti. Mwaka 1921 na 1931 wasio wenyeji walihesabiwa kwa fomu, ilhali idadi ya Waafrika ilikusanywa kupitia watawala wa wilaya na viongozi wa vijiji, kwa njia iliyokuwa karibu zaidi na hesabu ya kodi. Mwaka 1948, chini ya Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, wasio wenyeji walihesabiwa Februari na Waafrika Agosti. Utaratibu huo ulirudiwa mwaka 1957. Fomu za wasio wenyeji ziliuliza mengi kuhusu kila mtu. Waafrika walihesabiwa kwa fomu fupi, na maswali ya kina yakaulizwa kwa sampuli tu: asilimia 10 mwaka 1948 na asilimia 5 mwaka 1957.

Matokeo ya utaratibu huo ni kwamba watu wachache walijulikana sana na watu wengi walijulikana kidogo. Kwa Tanganyika nzima, watu wenye asili ya Bara Hindi, wakiwamo Magoa, walipanda kutoka takriban 10,000 mwaka 1921 hadi zaidi ya 25,000 mwaka 1931, zaidi ya 46,000 mwaka 1948 na zaidi ya 76,000 mwaka 1957. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 69,227 mwaka 1948 na 128,742 mwaka 1957. Katika hesabu hii ya pili, Waafrika walizidi 90,000. Mtafiti wa leo anaweza kujua mengi kuhusu umri, kazi na dini ya Magoa wasiofika 5,000 waliokuwa nchini mwaka 1957, lakini kwa Waafrika zaidi ya 90,000 wa mjini anabaki kutegemea sampuli pamoja na utafiti wa kijamii wa Leslie, uliofanywa katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1963.

3.0 Mafungu na Waliomo Ndani Yake

Mafungu ya kikoloni yalikuwa na mantiki ya utawala, wala hayakufuata namna watu walivyojitambua. Magoa ndio mfano ulio wazi. Walitoka katika bara lilelile na Wahindi wengine, lakini Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, na wengi wao walikuwa Wakatoliki. Kwa hiyo walipewa safu yao. Waismailia, Waithnasheri, Mabohora, Masingasinga na Wahindu wa jamii mbalimbali, ambao misikiti, mahekalu, shule na ndoa zao ziliwatenganisha kwa kiwango kisichopungua, waliwekwa pamoja kama Wahindi. Kugawanywa kwa Bara Hindi mwaka 1947 kuliwapa jina la pili, la Wapakistani, watu ambao wengi wao walikuwa wamehama kabla nchi yenye jina hilo haijakuwapo.

Upande wa pili wa mstari ulikuwa na utata zaidi. Nani alikuwa Mwarabu na nani alikuwa Mswahili? Wangazija wawekwe wapi? Na Wasomali? Maswali haya hayakuwa ya nadharia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ilipoanza kugawa chakula mjini, mgao ulifuata rangi, na mchele ulikuwa wa baadhi ya mafungu kuliko mengine. Brennan ameonesha jinsi mgao huo ulivyozigeuza tofauti za rangi kuwa jambo la kila siku jikoni na dukani. Aliyeandikwa katika fungu moja alikula tofauti na jirani yake aliyeandikwa katika fungu jingine, hata kama walipanga vyumba chini ya paa moja.

Zanzibar inatoa ushahidi wa ziada wa jinsi mafungu yalivyoweza kuhamwa. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojitambulisha kuwa Waswahili ilishuka sana, huku waliojiita kwa majina mengine, likiwamo la Washirazi, wakiongezeka. Hapakuwa na tauni wala uhamaji wa kueleza mabadiliko hayo. Watu walikuwa walewale, ila walikuwa wametambua thamani ya majina. Kwa mwanahistoria, hili linamaanisha kwamba takwimu za kikoloni za asili hazipaswi kusomwa kama kipimo cha damu. Zinapaswa kusomwa kama kumbukumbu ya mazungumzo kati ya mhesabu na mhesabiwa, ambapo kila upande ulijua kwamba kuna kitu kinachogawiwa.

Katika mafungu hayo, watu wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki hawakuwa na mahali. Hii haikuwa kwa sababu hawakuwahi kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani waliwaleta mamia ya vibarua wa Kichina na Kijava kutoka Singapore kufanya kazi katika mashamba ya upande wa Tanga na Usambara. Mpango huo ulishindwa na haukuacha jamii kubwa. Kundi dogo lisilo na fungu lake huangukia katika safu ya “wengineo”, na safu hiyo haina historia: hujumlisha watu wasiohusiana, na hubadilika maana kutoka sensa moja hadi nyingine.

4.0 Kutoka Rangi hadi Uraia

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au angalau wasio Waafrika wasubiri. Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipinga vikali msimamo huo na kuweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungeshindwa. Muswada ulipita. Uraia wa Tanganyika ukajengwa juu ya mahali pa kuzaliwa na utiifu kwa nchi, na wakazi wenye asili ya Asia ambao hawakuupata moja kwa moja walipewa muda wa kuuomba.

Uamuzi huu ndio chanzo halisi cha mabadiliko ya sensa, ingawa ulichukua zaidi ya muongo mmoja kuifikia. Sensa ya kwanza ya taifa huru, iliyofanyika Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, iliendelea kuuliza kabila na dini. Ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo. Kuanzia sensa ya 1978, karani hakumuuliza tena mtu wa Kariakoo kama ni Mzaramo, Mmanyema, Mhindi au Mwarabu. Katika nchi iliyokuwa ikijitahidi kujenga umoja juu ya makabila zaidi ya 120, na katika mji ambao kila kiwanja kilikuwa kimegawiwa kwa rangi, kuacha kuuliza kulikuwa tendo la ujenzi wa taifa.

Hata hivyo, wakati uliochaguliwa ulikuwa na matokeo ambayo hayakutarajiwa. Mwaka 1971 serikali ilipitisha Sheria ya Kutwaa Majengo, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Majengo hayo yalikuwa kwa sehemu kubwa mali ya watu wenye asili ya Asia, na mengi yalikuwa Dar es Salaam, katika mitaa ya Uhindini na pembezoni mwa Kariakoo. Familia nyingi zilihama nchi katika miaka iliyofuata na kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Yalikuwa mabadiliko makubwa mno ya wakazi wa katikati ya mji. Lakini sensa ya 1967 ilihesabu asili kabla ya tukio, na sensa ya 1978 haikuihesabu baada yake. Kuondoka huko hakuwezi kupimwa kwa kulinganisha majedwali mawili ya sensa, kwa kuwa jedwali la pili halipo. Mtafiti anabaki na kumbukumbu za jumuiya za kidini, zilizoandikisha waumini wao kwa malengo yao wenyewe, pamoja na simulizi za waliobaki na waliohama.

5.0 Wachina wa Reli: Kati ya Sensa Mbili

Pengo hilohilo liliwameza Wachina wa kwanza waliofika nchini kwa wingi. Makubaliano ya kujenga reli ya kuiunganisha Tanzania na Zambia yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, siku chache tu baada ya usiku wa sensa ya Agosti mwaka huo. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, reli ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Sensa iliyofuata ilifanyika Agosti 1978. Kati ya tarehe hizo mbili, makumi ya maelfu ya mafundi na wafanyakazi wa Kichina walifika kwa zamu kupitia bandari ya Dar es Salaam, wakafanya kazi na kurudi kwao. Ulikuwa uhamaji mkubwa kuliko wowote wa watu wa Asia ya Mashariki kuwahi kutokea nchini hadi wakati huo, na ulianza na kwa sehemu kubwa kwisha bila kukutana na karani wa sensa hata mara moja.

Wataalamu wachache walibaki katika miradi ya ushirikiano, ikiwamo reli yenyewe na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Waliofia kazini walizikwa katika makaburi maalumu huko Gongo la Mboto, nje kidogo ya kitovu cha mji. Ushahidi wa kuwapo kwao ni kituo cha reli, kiwanda na makaburi. Katika takwimu za idadi ya watu, hawamo. Jambo hili linaonesha udhaifu wa jumla wa sensa ya kila miaka kumi kama chombo cha kupimia uhamaji. Sensa huwaona waliokuwapo usiku mmoja, na wimbi lililopita kati ya usiku mmoja na mwingine haliachi alama humo.

6.0 Kariakoo ya Usiku na Kariakoo ya Mchana

Wimbi la pili la Wachina lilikuwa la aina nyingine. Baada ya biashara ya kuagiza bidhaa kufunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo iligeuka kutoka soko la chakula la mji na kuwa kituo cha jumla cha nguo, viatu, vyombo na vifaa vya umeme, kinachowahudumia wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani zikiwamo Zambia, Malawi na Kongo. Soko jipya la ghorofa, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilizungukwa na majengo marefu yaliyochukua nafasi ya nyumba za Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kitanzania walianza kusafiri hadi Guangzhou na Yiwu kufuata mizigo, na baadhi ya wauzaji wa huko wakaja kufungua maduka na maghala hapahapa.

Mabadiliko haya yaliipa sensa tatizo jipya. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa ya kuishi na kufanyia biashara, kwa hiyo hesabu ya usiku ilikaribiana na maisha ya mchana. Ghorofa la biashara lina watu wengi mchana na walinzi wachache usiku. Mfanyabiashara wa kigeni mwenye duka Mtaa wa Kongo anaweza kuwa amelala Upanga au Mikocheni, na huko ndiko anakohesabiwa. Hata kama uraia wake umeandikwa kwa usahihi, jedwali la kata ya Kariakoo halitamwonesha, na jedwali la kata anakolala halitaonesha kwamba anafanya biashara Kariakoo. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, lakini ongezeko hilo halisemi lolote kuhusu msongamano ambao kila apitaye Kariakoo saa nne asubuhi anaushuhudia.

Yapo matatizo mengine mawili. La kwanza ni la sampuli. Mwaka 2012 dodoso refu lilitumika katika asilimia 30 ya maeneo ya kuhesabia watu. Njia hiyo inafaa kwa makundi makubwa yaliyotawanyika. Kwa kundi dogo lililokusanyika katika mitaa michache, matokeo yanategemea sana kama mitaa hiyo imeangukia ndani ya sampuli au nje yake. La pili ni la uchapishaji. Kwa kawaida, nchi zenye raia wachache huunganishwa katika majedwali chini ya safu ya nchi nyingine. Mwanamke kutoka Vietnam, fundi kutoka Ufilipino na mwanafunzi kutoka Laos wanaweza kuwa wamejibu maswali yote ya karani, kisha wakapotea pamoja katika mstari mmoja wa mwisho. Safu ya “wengineo” ya kikoloni imerudi kupitia mlango wa uraia.

Wakati huohuo maamuzi yaliendelea kufanywa. Januari 2011 serikali iliwataka wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo Kariakoo, wengi wao Wachina, kuondoka sokoni ndani ya siku 30. Mapema mwaka 2025, baada ya malalamiko ya wafanyabiashara wazawa, serikali iliunda kamati ya kuchunguza biashara zinazofanywa na wageni Kariakoo, na Julai mwaka huo ikatolewa amri iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za rejareja. Malalamiko yaliyotangulia maamuzi hayo yalikuwa ya kweli: kodi ya fremu ilipanda, na mwenye mtaji mdogo hakuweza kushindana na anayeuza bei ya kiwandani. Lakini katika mjadala wa hadharani, ukubwa wa jambo ulielezwa kwa maneno kama “wamejaa” na “kila kona”. Vibali vya ukaazi, vibali vya kazi na leseni za biashara huhesabu nyaraka, wala si watu. Leseni iliyoandikwa jina la raia huku mwenye mtaji akiwa mgeni haiwezi kuonekana katika daftari lolote kati ya hayo.

Hapa ndipo kuhesabu kwa macho kunapodhuru. Macho hayatofautishi uraia. Mtanzania wa kizazi cha nne ambaye babu wa babu yake alitoka Kachchh, na mfanyabiashara aliyewasili mwaka jana, wanaweza kuhesabiwa pamoja na mpita njia anayesema kwamba wageni wamezidi. Amri inayohusu wasio raia hutekelezwa mtaani na watu wanaoanza kwa kutazama sura. Kwa raia mwenye asili ya Asia, kukosekana kwa takwimu za wazi kunaweza kumfanya adaiwe mara kwa mara ushahidi wa jambo ambalo Bunge lilikwisha kuliamua mwaka 1961.

7.0 Kampala, Nairobi na Marekani

Je, suluhisho ni kulirudisha swali la asili? Historia ya jirani inatoa onyo. Oktoba 1971 serikali ya Idi Amin iliamuru ifanyike sensa maalumu ya watu wenye asili ya Asia nchini Uganda. Walihesabiwa peke yao, nje ya sensa ya kawaida ya taifa. Agosti 1972 ilitolewa amri ya kuwafukuza ndani ya siku 90. Hesabu haikuwa sababu ya kufukuzwa, lakini ilikuwa imekwisha kuwatenga watu hao na taifa kabla ya amri. Sensa inayohesabu kundi moja tu ina maana tofauti kabisa na sensa inayomuuliza kila mtu swali lilelile.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sensa zake zinaendelea kuuliza asili, ila zinaitenganisha na uraia. Mwaka 2009 ziliripotiwa takwimu mbili: Wakenya wenye asili ya Asia 46,782, na Waasia wasio raia 35,009. Julai 2017 kundi la kwanza lilitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la nchi. Faida ya njia hii ni kwamba raia na mgeni hawachanganywi. Hasara yake ni kwamba uraia wenyewe unapitia mlango wa kabila, jambo ambalo Tanzania ililikataa kwa makusudi.

Mfano wa mbali zaidi unahusu watu wa Asia ya Kusini-Mashariki wenyewe. Baada ya mwaka 1975, wakimbizi kutoka Vietnam, Kambodia na Laos walipokelewa Marekani kwa wingi. Fomu ya sensa ya Marekani ya 1980 ilikuwa na kisanduku cha Wavietnamu, lakini haikuwa na cha Walao, cha Wakambodia wala cha Wahmong. Hao walipaswa kuandika jina lao kwa mkono. Sensa ya 1990 iliripoti Walao 149,014 na Wahmong 90,082. Makundi yote mawili yametoka kwa kiasi kikubwa katika nchi moja, Laos. Anayehesabu kwa nchi ya kuzaliwa hupata kundi moja, na wazaliwa wa Marekani humponyoka. Anayehesabu kwa jina ambalo watu wamejiita hupata makundi mawili, lakini humkosa yule ambaye hakuandika chochote. Hakuna swali moja linalotosha, na kila swali lina watu linaowaacha nje.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba katika Dar es Salaam kuhesabiwa na kutohesabiwa vimekuwa na gharama zake, na kwamba gharama hizo zimeangukia watu tofauti kwa nyakati tofauti. Chini ya ukoloni, kuhesabiwa kwa rangi kuligawa ardhi, chakula na hadhi. Baada ya uhuru, kutohesabiwa kwa rangi kulilinda umoja, lakini kuliyaacha matukio makubwa ya miaka ya 1970, kuondoka kwa familia za Kiasia na kufika kwa Wachina wa reli, bila kipimo cha kitaifa. Katika miongo ya karibuni, ukimya huo umeuachia mjadala wa Kariakoo uendeshwe kwa makisio.

Hakuna haja ya kulirudisha swali lililoachwa baada ya mwaka 1967. Yapo maswali matatu yasiyogusa rangi ambayo yangetosha kuliziba pengo kwa kiasi kikubwa: uraia, nchi ya kuzaliwa na muda wa kuishi nchini. Yakiulizwa kwa kila mtu na kuchapishwa kwa kila nchi bila kuzifumbata katika safu ya mwisho, kwa ngazi ya wilaya ili kulinda usiri wa makundi madogo, yangemtofautisha raia na mgeni bila kumtenga yeyote kwa sura yake. Kwa eneo kama Kariakoo, hesabu hiyo ya usiku inahitaji kuambatanishwa na hesabu ya mchana, yaani sensa ya biashara inayomfuata mtu mahali anapofanya kazi. Kwa wanahistoria, kazi iliyobaki ni kuzikusanya kumbukumbu za jumuiya za kidini, hati za Msajili wa Majumba na simulizi za wapangaji kabla wazee walioishuhudia Kariakoo ya nyumba za Kiswahili hawajaondoka, kwani kwa miaka kati ya 1967 na 1978 hakuna jedwali litakaloweza kuchukua nafasi yao.